Buti zangu zilikufa zikiwa kwenye boksi

Wacha nianze na siku yenyewe, juu bila hiyo siku nisingejua hata nusu ya haya naandika hapa.

Ilikuwa Jumamosi moja Januari 2022, tumetoka tao saa kumi na moja asubuhi na matatu ya kukodi, watu kumi na wanne, tunaenda Elephant Hill kule Aberdares. Tulikuwa tunajipima kabla ya Mlima Kenya mwezi uliofuata, na mtu ashawahi panda hiyo kilima anajua kwa nini watu hujipimia huko. Unaanza Njabini pale kwa kituo cha msitu, unaingia mianzi, tope linakushika mpaka kwa kifundo, alafu ukitoka mianzi unapata upepo na baridi na ile kupanda ambayo kila ukidhani umefika unaona ingine mbele. Kupanda nilipanda vizuri. Ni kushuka ndio mambo yaliharibika. Tuko ndani ya mianzi, nikavuta mguu wa kushoto kutoka kwa tope nikasikia umekuwa mwepesi, alafu soksi ikaingia baridi, kuangalia nyuma naona soli yote imebaki kwa tope imekaa hapo kama tofali.

Nikarudi nikaitoa. Raba ya chini ilikuwa nzima, meno yote, hata ile stika ya njano ya Vibram, kampuni ya soli, bado inang'aa. Ngozi ya juu nzima pia, nyuzi hakuna hata moja imekatika. Kilichokuwa kimeisha ni ile sponji ya katikati, ilikuwa inavunjika kwa vidole kama mandazi ya juzi. Sijamaliza hata kushangaa, ya kulia nayo ikafunguka mdomo.

Sasa kitu kilichoniuma ni kwamba hizo buti zilikuwa mpya. Na sisemi mpya vile mtu wa duka husema mpya. Nilizinunua Novemba 2019, duka moja hapa katikati ya mji, zilikuwa kwa ofa, kutoka 24,000 mpaka 16,800, na hizo pesa nilizichanga miezi minne. Nikazivaa Karura mara mbili kuzizoesha mguu. Alafu 2020 ikaja korona, mipango ya mlima ikafa, nikazipangusa nikazirudisha kwa boksi yake na yale makaratasi na kile kipakiti kidogo cha kukausha unyevu, nikasukuma chini ya kitanda. Nilizitunza. Kuna wakati nilikuwa natoka na raba za kawaida kwenda Ngong Hills ndio nisizichoshe, nikijua nimeziweka kwa ajili ya Point Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya tulichokuwa tunalenga. Yaani nilikuwa naweka akiba ya kitu kilichokuwa kinaoza.

Mama mmoja kwenye grupu alipasua leso yake vipande viwili akanifunga soli kwa mguu, askari wa msitu aliyekuwa anatusindikiza akanipa kamba ya katani juu yake, nikatembea hivyo masaa mawili na kitu mpaka kwa gari. Kucha mbili za mguu nilipoteza na goti likanisumbua wiki tatu. Na bado huwa nafikiria, ingekuwa Mlima Kenya, juu kule usiku wa kwenda kileleni, mita elfu nne na kitu, mawe na barafu, soli itoke hapo. Hapo si hasara ya pesa tena.

Jumatatu nikaenda dukani. Nimebeba buti zote mbili kwa karatasi ya plastiki na tope lake, nimebeba simu na mesej ya M-Pesa ya Novemba 2019, na nimebeba hasira. Kijana wa kaunta akaniambia, "Boss, waranti yake ilikuwa mwaka moja." Nikamwambia kiatu nimekivaa mara tatu. Akarudia mwaka moja. Nikapandisha sauti, watu wakaanza kuangalia, meneja akatoka nyuma. Mimi nilikuwa naamini kitu moja tu, kwamba kiatu cha 16,800 hakiwezi toka soli siku ya tatu, na mtu anayekataa kunirudishia ni mwizi. Meneja naye aliamini kitu moja tu, kwamba tarehe imepita na mteja huyu anataka kiatu cha bure. Tukazungumza nusu saa na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Kilichobadilisha hayo maneno ni yule yule kijana wa kaunta. Alikuwa amechukua buti ya kulia anaigeuzageuza, akavuta ulimi wa kiatu, akasoma ile lebo ndogo ya saizi, akanyamaza. Nikamuuliza nini. Akamwangalia meneja kwanza. Alafu akanionyesha. Chini ya saizi na jina la nchi kulikuwa na tarehe: 09/2013.

Fanya hesabu. Siku nalipa, hizo buti zilikuwa na miaka sita tayari. Siku zinavunjika zilikuwa zimepita nane. Mimi nilinunua kitu kimekaa kwa stoo, sijui nchi gani na gani, mpaka kikafika Nairobi kikawekwa kwa ofa, na hakuna aliyeniambia kwa nini iko kwa ofa.

Hapo ndio nikaanza kusoma, na nikaenda kwa mzee fundi wangu pale Kariokor ambaye nilikuwa nampelekea viatu vya ofisi tu. Nikampa buti, akabonyeza ile sponji na kidole gumba, ikawa unga, akaniambia, "Hii kijana wangu imeliwa na hewa." Nikadhani ni msemo tu. Kumbe ndio sayansi yenyewe. Hiyo sponji kwa buti nyingi za mlima inatengenezwa na poliyurithini, watu wa viatu wanaita piyu, na inapendwa juu inabeba uzito vizuri na haibonyei haraka. Shida yake ni unyevu. Maji yaliyo kwa hewa, hata bila mvua, yanaingia polepole yanakata zile minyororo zinazoshikilia hiyo plastiki, wanaita haidrolisisi, na joto likiwepo inaenda mbio zaidi. Inaanza siku kiatu kinatoka kiwandani. Haingoji ukivae. Tena watengenezaji wenyewe husema kiatu kinachovaliwa kila mara huwa na afadhali kuliko kile kimefungiwa, kwa sababu ukitembea sponji inabanwa na kuachia, unyevu unatoka. Kwa wastani utasikia miaka mitano mpaka kumi, kutegemea kimekaa wapi. Sasa chukua boksi lililofungwa, weka chini ya kitanda nyumba ya ghorofa ya chini ambapo ukuta hulia maji kila Aprili, alafu ongeza miaka sita ya stoo. Ndio yangu hiyo.

Kuna ile sponji ingine nyepesi, iva, ndio iko kwa raba nyingi za kukimbia. Hiyo haivunjiki hivi. Yenyewe inakufa kwa kulala, inabonyea na kukaa hivyo, unatembea unasikia kila jiwe. Kila moja na kifo chake.

Mzee alikataa kubandika ile soli ya zamani. Nilimwomba sana, raba bado ni nzuri, weka gundi tu. Akaniambia gundi inashika kitu, haishiki unga, na akibandika leo nitarudi kumlaumu wiki ijayo. Akakwangua yote mpaka kwa ngozi, akaweka sponji mpya ya shiti, akabandika raba ingine, akapitisha uzi mzunguko mzima, akanilipisha 1,800. Hazikuwa tena buti za Lenana, zilikuwa nzito na ngumu, lakini Ngong Hills nimeenda nazo kutoka lango la juu mpaka Kona Baridi sijui mara ngapi na zingali hai.

Na ile stika ya njano, hii nitasema juu naona watu wengi wanadanganyika kama nilivyodanganyika mimi. Vibram ni kampuni ya Italia, ilianzishwa na Vitale Bramani, mpanda milima wa Milano ambaye 1935 alipoteza wenzake sita kule Alps na ilionekana viatu vyao havikufaa, na ndio akatengeneza ile soli ya raba yenye meno ambayo ilitoka 1937. Ni raba nzuri sana. Lakini hiyo stika inazungumzia raba ya chini peke yake. Haisemi chochote kuhusu sponji iliyo juu yake wala gundi wala mshono. Mimi niliona njano nikajua nimemaliza kazi.

Kuhusu duka. Kwenye grupu yetu kuna dada mmoja wakili, tukiwa kwa gari siku ingine akaniuliza iliishaje, nikamwambia wameninyima, akaniambia usiangalie waranti pekee. Waranti ni ahadi ya ziada ambayo muuzaji au kampuni inatoa. Chini yake kuna sheria, na sheria haiishi mwaka moja juu karatasi ya duka imesema. Kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ya zamani sana, inayosema bidhaa iwe ya ubora wa kuuzika, na kama ulimwambia muuzaji kazi unayotaka nayo na ukategemea ujuzi wake, iwe inafaa hiyo kazi. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, inamchukua muuzaji kama ameshaahidi ubora wa kuridhisha hata kama hajafungua mdomo. Na Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua. Hiyo ya habari ndio ilinigusa. Mimi nilimwambia yule kijana 2019, kwa mdomo wangu, kwamba nataka buti za Mlima Kenya. Na yale maandishi ya chini ya risiti, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, tumeyaona kila duka Nairobi mpaka tunadhani ni sheria ya nchi. Si sheria. Duka linaweza kukataa kukurudishia pesa kwa sababu umebadilisha mawazo, au rangi imekataa na suruali yako. Haliwezi kwa mstari mmoja kufuta haki ya kupata kitu kizima.

Akaniambia pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianza kazi Milimani 2021, kesi zisizozidi shilingi milioni moja, inafaa kuisha ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Sikufika huko. Nilirudi dukani na barua ya ukurasa moja, bila kelele safari hii, nimeandika tarehe ya kununua, tarehe ya lebo, nilichowaambia nataka, na picha ya soli ikiwa kwa tope. Meneja akaisoma akiwa amesimama, alafu akakaa, akaisoma tena. Akasema hakujua kuhusu tarehe, yeye huletewa mzigo na msambazaji. Namwamini. Wakanipa vocha ya 8,000. Sio haki kamili, nusu hata haikufika, lakini nilichoka na nilijua na mimi nilikaa na kiatu miaka miwili bila kukiangalia. Nilichukua.

Sasa hadithi ingekuwa imeisha hapo, ni vile 2023 dada yangu alifungua kibanda chake cha vitu vya kuhaiki, kwa zile stoli za ghorofani katikati ya mji, mabegi, fimbo, makoti ya mvua, na buti. Akaniomba nimsaidie Jumamosi na sikukuu. Na ukikaa nyuma ya kaunta, mambo yanageuka. Miezi miwili ya kwanza nililala vibaya juu kila mtu aliyekuja na kiatu kimeharibika nilijiona mimi mwenyewe Jumatatu ile na plastiki yangu.

Wa kwanza kabisa nakumbuka alikuwa mama wa makamo, buti wiki tatu, mshono wa ndani wa kifundo umefunguka kama umekatwa na wembe. Akaanza kujitetea kabla hata sijamsalimia, "Kaka naapa sijaivaa vibaya." Huyo nilimbadilishia hapo hapo. Uzi kuachia kwa mstari ulionyooka ndani ya wiki tatu ni kiwanda, hakuna mguu unaweza fanya hivyo. Na nilichoona kwa uso wake, mshangao, kama amepewa zawadi, kiliniuma kidogo. Mtu amezoea kukataliwa hadi haki yake anaiona msaada.

Lakini wiki hiyo hiyo akaja kijana, buti miezi mitano, ncha ya mbele imekunjika juu, ngozi imepasuka kwenye mikunjo yote, soli imeachia kwa kidole gumba. Nikamuuliza anazikausha vipi. Akasema ukweli, alitoka Kilimambogo na mvua akaziweka kando ya jiko la makaa usiku mzima juu kesho yake alikuwa na safari. Moto unafanya mambo mawili kwa pamoja, unavuta mafuta yote kwa ngozi inabaki gumu kama gome, na gundi inalainika inaachia. Buti zinakaushwa kwa hewa, kivulini, umetoa soli ya ndani, umejaza magazeti, unabadilisha gazeti likilowa. Ikikauka unapaka grisi yake ama nta. Hayo nilimweleza pole pole na nikamwambia waranti haifiki hapo. Alikasirika akaondoka, akaandika mambo makali kuhusu kibanda. Dada yangu alilia. Mimi sikumlaumu yule kijana sana, kwa sababu siku tulimuuzia hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia habari ya moto. Tulimuuliza saizi, tukampa till namba, kwisha.

Kuna mwingine alikuwa anavaa zake kila siku kazini, anatembea lami na simiti kutoka Muthurwa mpaka Industrial Area na kurudi, miezi kumi na minne, meno ya soli yamekwisha kabisa. Alikuwa na hoja iliyonifikirisha. Akasema kiatu cha mlima kinashinda mawe, kitashindwaje na barabara? Na watu wengi wanafikiri hivyo. Raba nyingi za buti za mlima hutengenezwa laini ndio zishike mwamba, na raba laini kwa lami inaliwa kama kifutio. Hiyo ni tabia ya kitu chenyewe. Nilimwonyesha buti za kazi zenye raba ngumu, bei ya chini kuliko zake, akanunua. Longonot nayo ina yake, lile vumbi la volkano ni kama msasa, linaingia kwa matundu ya kamba na kwa mshono, kila hatua linasugua uzi. Ukitoka huko piga buti zako brashi siku hiyo hiyo, usingoje wikendi ijayo.

Na wale wa maji yanaingia. Hao ni wengi. Mtu ametoka Aberdares kwa ule udongo wa maji, amezama mpaka katikati ya muundi, analeta buti anasema mliniambia haiingii maji. Maji yaliingia kwa mlango, pale juu mguu unapoingilia. Lakini wengine wana haki, ule utando mwembamba wa ndani unaozuia maji huwa unatoboka, na njia ya kujua ni rahisi, weka buti kwa karai la maji yasiyofika juu, vaa soksi kavu, simama dakika kumi. Tulianza kufanya hivyo na karai pale pale kibandani mbele ya mteja. Maneno yaliisha. Anaona mwenyewe, na sisi tunaona, na kama imetoboka mapema tunabadilisha bila swali.

Aliyenikalisha chini zaidi alikuwa mzee mmoja mstaafu, mpole sana, amevaa koti. Buti zake zilikuwa na miaka mitatu. Akaniambia, "Kijana, kuna kampuni Marekani inabadilisha kiatu maisha yako yote. Kwa nini nyinyi mnahesabu miezi?" Nilikuwa nimesoma hiyo habari, nikamwomba akae tukaongea. Hiyo kampuni ni L.L.Bean ya kule Maine. Mwenyewe Leon Leonwood Bean alianza 1912 na buti ya raba chini ngozi juu, akauza jozi mia za kwanza, tisini zikarudi kwa sababu raba iliachana na ngozi. Akarudishia watu pesa zao, akakopa, akatengeneza vizuri zaidi. Jina lake lilijengwa hapo. Na kwa miaka mingi sana kweli walikuwa wanapokea kitu chochote wakati wowote. Lakini Februari 2018 walisimamisha, sasa ni mwaka moja na uthibitisho kwamba ulinunua, kwa sababu watu walikuwa wanaokota vitu vyao kwenye vitu vya mitumba vya huko na kuvipeleka dukani kubadilishiwa, wengine wanarudisha kitu kimechakaa kwa kazi ya miaka. REI nao, duka kubwa la vitu vya milima huko huko, walifanya vivyo hivyo 2013. Mzee akasikiza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hivyo wenye tamaa walitumalizia." Nikamwambia ndio, kwa sehemu. Alafu akaniambia kitu ambacho sijasahau, kwamba baba yake alikuwa na jozi moja ya viatu vya ngozi, vilivyoshonwa, na alivipeleka kwa fundi mara tatu kuwekwa soli, na hakuna mtu alikuwa amempa karatasi ya waranti.

Nafikiri hapo ndio matarajio yetu yanatoka. Sisi tumelelewa na viatu vya shule vilivyonunuliwa saizi moja juu ndio vifike darasa linalofuata, na akala za tairi ambazo zinamzidi umri mwenye kuzivaa. Kwa hivyo mtu akilipa 16,000 anahesabu kwa kichwa, kama kile cha 1,500 kilinifikisha mwaka, hiki kitanifikisha miaka kumi. Bei haifanyi kazi hivyo kwa buti za mlima. Pesa nyingi inaenda kwa wepesi, kushika mwamba, kuzuia maji, na kila moja ya hizo imenunuliwa kwa kupunguza umri wa kiatu. Ile ya kushonwa inayowekwa soli mpya ipo, lakini ni nzito na bei yake ni ingine. Muuzaji anajua hivi na hasemi, kwa sababu mteja akidhani miaka kumi atalipa haraka. Hiyo nyamaza ndio naiona mbaya kuliko waranti fupi. Waranti ya miezi sita iliyosemwa waziwazi pamoja na umri wa kiatu sina shida nayo.

Watu wananiuliza kuhusu Gikomba na Toi, yale masoko ya mitumba. Nanunua huko na nitaendelea, kwa kamera, yaani zile za kwanza kuchaguliwa bale ikifunguliwa, unaweza pata buti ya 3,500 ambayo dukani ni mara sita. Huko hakuna waranti na haki yako ni ndogo zaidi, juu sheria inaangalia pia kama ulikuwa na nafasi ya kukikagua ukakikagua. Basi kikague. Kunja mbele kwa nguvu uone kama sponji inatoa nyufa ndogo ndogo ama unga mweupe. Bonyeza kwa ukucha pembeni, ikizama na isirudi, wachana nayo hata kama ngozi inang'aa. Na tafuta lebo ya ulimi. Buti nyingi zinazokuja zikiwa kama mpya kabisa, ambazo mwenyewe hakuzivaa, ndio naziogopa kuliko zile zimechoka kidogo. Zilikaa kwa kabati ya mtu miaka mingapi?

Nakuja kwa mwaka jana. Msambazaji mmoja alimpigia dada yangu simu, ana jozi arobaini, jina kubwa, bei karibu nusu ya ile tunanunulia. Yeye alikuwa na deni la kodi ya kibanda miezi miwili. Boda ikaleta katoni mbili za kwanza tuone. Tukafungua ya juu, buti safi, harufu ya upya, stika ya njano. Dada yangu akavuta ulimi. Machi 2016. Akafungua ya pili, Machi 2016. Ya tatu. Akakaa kwa kile kiti cha kupimia viatu akazishika kwa mapaja yake muda mrefu bila kusema kitu, na mimi sikutaka kumshauri, juu kodi ni yake na watoto ni wake. Tunaweza kuziuza. Zingetoka wiki mbili, Desemba inakuja, watu wanaenda mlima Januari. Zingekaa vizuri kwa mguu siku ya kujaribu, na zikivunjika zitavunjika mbali sana na sisi, kule kwa mianzi ama juu ya mianzi, na waranti yetu ya miezi sita pengine itakuwa imeisha.

Akazirudishia makaratasi yake moja moja, akafunga boksi, akamwita mtu wa boda aliyekuwa bado anakunywa chai hapo nje, akamwambia, "Kaka, rudisha. Mwambie tumeona tarehe."